Sanda Iliyofumuliwa

Mzee Jailos Haonga wa Mbozi hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa na kitambaa cha dukani. Tangu ujana wake alifuma nguo za pamba kwa mkono, kama baba yake, na pale kijijini nguo hizo zilikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote: kumsindikiza mtu kaburini. Alifuma mpaka hesabu ikampotea. Watu waliobaki juu ya ardhi walivaa kaniki, vitenge na tetroni, na vijana walitembea na suruali za bugaluu zinazofagia vumbi la barabara. Mzee aliwacheka sana, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba kufundishwa. Mwanawe mwenyewe, Saulo, alimwambia wazi kwamba kukaa chini siku nzima ukihesabu nyuzi si kazi ya mtu aliyemaliza darasa la saba, akaenda zake Makambako kwenye kazi za reli.

Mwaka wa sabini na tatu macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Hakupoteza muda. Akafuma nguo moja ya mwisho, pana na nzito, akaikunja, akaitia sandukuni chini ya kitanda.

"Hiyo yangu," alimwambia mkewe. "Asiiguse mtu."

Mwaka uliofuata, watu walipohamishiwa kijiji kipya, aliamuru kitanda chake cha mfumi, ile miti aliyofumia miaka yote, kipasuliwe kuni. Alikuwa haoni tena hata vidole vyake, na chombo kisicho na fundi kilimtia uchungu.

Basi, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Asubuhi moja ya mwaka wa sabini na sita, siku ya pili baada ya kumzika rafiki yake, mzee alitamani kuishika nguo yake. Akavuta sanduku, akaingiza mkono. Mkono ukakutana na donge la uzi.

Alidhani amekosea sanduku. Akapapasa tena. Donge la uzi, donge jingine, na chini yake kipande cha nguo kisichotosha kufunika magoti, ncha yake imeachia nyuzi kama ndevu za mhindi. Alikaa sakafuni, madonge mapajani. Panya hafumui nguo kisha akavingirisha uzi. Hii ilikuwa kazi ya mtu.

"Mama Saulo," aliita hatimaye, "nani amenivua sanda nikiwa hai?"

Mkewe alisimama mlangoni, na alivyokawia kujibu, mzee akajua kwamba anajua.

"Ni mkweo."

"Tupokigwe?"

"Ndiye. Mimi nimegundua juzi tu, Baba Saulo. Nikakosa pa kuanzia."

Tupokigwe, mke wa Saulo, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mke wa mtoto humkimbia baba mkwe. Haonani naye uso kwa uso, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Miaka minne waliishi ua mmoja, na mzee alimjua kwa mambo mawili tu: miguu inayokimbia kujificha, na ugali ulioiva vizuri. Macho ya mzee yalipokufa, heshima haikufa. Binti aliendelea kujificha kwa mtu asiyeona. Sasa huyo huyo aliyeogopa hata kivuli chake ndiye aliyeingia chini ya kitanda chake! Na ubaya zaidi, mzee hakuwa na njia ya kumgombeza. Kumwita ni mwiko, kumfokea ni aibu yake mwenyewe.

Siku mbili aliurudisha ugali bila kuugusa. Siku ya tatu, ameketi uani akiota jua, alisikia nyuma ya jiko: pa, pa, pa. Kimya. Pa, pa, pa. Kimya.

Ule ulikuwa ubao wa kukazia uzi, na aliyeushika alipiga kama Jailos hasa. Naye Jailos alikuwa pale juani, mikono mitupu.

"Hiyo ni nini?"

"Ile miti uliyosema ipasuliwe," mkewe alijibu kando yake. "Mkweo hakuipasua. Siku ya kuhama aliifunga kwenye mzigo wa kuni, akaubeba kichwani."

"Nani kamfundisha?"

"Wewe. Ulipokuwa ukifuma, yeye alikuwa jikoni, sikio ukutani. Kukuangalia asingeweza, mila yao unaijua. Anasema masikio yalimpa nusu ya kazi. Nusu nyingine aliitafuta sandukuni, maana hakuna nguo nyingine juu ya ardhi ya kumwonyesha uzi unapita wapi."

Hilo lilimpiga mzee kuliko lile la sanduku. Alizipitia nguo zake kichwani moja moja. Ya baba yake, chini. Ya mama yake, chini. Za ndugu zake watatu, na ile ya rafiki aliyemzika wiki hiyo, chini. Maisha mazima alifuma akalisha udongo, kisha akawalaumu vijana kwa kutojifunza. Aliona haya, na hakuwa na wa kumsingizia.

"Muulize," alisema baadaye, "kwa nini anapiga mara tatu halafu anatulia?"

Mkewe akaenda, akarudi. "Anasema ndivyo kazi inavyotaka. Wewe hukuwahi kuzidisha tatu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kazi haikutaka tatu wala nne. Bega lake la kulia liliumia ujanani, alipoanguka na gogo, na kila baada ya mapigo matatu ilibidi alipumzishe. Binti wa watu, mwenye mabega mazima, alikuwa amejifunza hadi maumivu yake. Kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kiganja.

"Anaomba radhi," mkewe aliendelea. "Anasema kabla ya masika ataifuma yote, airudishe sandukuni."

"Asiirudishe. Akimaliza aifumue, aifume tena, mpaka mkono uzoee. Kisha aivae. Aende nayo sokoni Vwawa, watu waione ikiwa juu ya mtu anayetembea."

"Na wewe tukuzike na nini?"

"Bafta. Ya dukani."

Mama Saulo alikaa chini pale pale, mkono kinywani. Miaka arobaini alikuwa amemsikia mumewe akiapa kinyume chake.

Nyuma ya jiko ubao ulikuwa umenyamaza. Mtu alikuwa anasikiliza ukutani, kama alivyozoea. Mzee aligeuza uso upande ule, akapaza sauti kidogo, akisema na kuku waliokuwa wakipekua uani, maana kusema na kuku si mwiko.

"Nyie kuku, bega lililoumia ni langu mimi. La mwingine lisipumzike."

Kisha ubao ukaanza upya, na mzee akawa anahesabu mapigo kwa vidole, mpaka vidole vikamwishia.