Damu ya Pua na Shingo ya Tantine Mado

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, katika mtaa uitwao Kenya, commune ya hapa Lubumbashi, hakuna aliyenishinda kutoka damu puani. Nasema bila haya. Wenzangu walitoka matone mawili wakakimbilia mama zao. Mimi nilijaza kikombe, shati la shule likalowa mpaka kwenye mshipi, na mwalimu mwenyewe akatafuta kiti. Kwa juma mara tatu, mara nne. Darasa zima lilinipisha njia kama mkubwa fulani. Mama tu ndiye hakuwa analala.

Nyumbani tuliishi na mdogo wake Mama, Tantine Mado, na ni yeye aliyejua kuizuia ile damu. Mama alikuwa ananiinua kichwa na kunimwagia maji. Tantine ananiinamisha mbele, ananibana pua kwa vidole viwili, ananiambia nihesabu polepole na nisimeze. Inakauka. Sasa, Tantine alikuwa na uvimbe mbele ya shingo, mkubwa kama yai la bata, na alivaa triko, sweta nzito ya sufu, hata mwezi wa kumi, joto la kuyeyusha lami. Majirani wakaanza kuunganisha mambo. Mtoto anaishiwa damu, shingo ya mwanamke inajaa. Na kama si yeye anayeikula, mbona anaijua vile?

Mama akanipeleka kwenye chumba cha maombi. Mle pasta alikuwa na swali moja kwa kila mtoto: nani anakupa nyama katika ndoto? Kwetu hata mtoto anajua maana yake. Anayekulisha nyama usingizini ndiye mulozi wako, mchawi anayekula damu yako.

Niliulizwa mbele ya akina mama kama ishirini, wote wananitazama mimi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeota kitu. Lakini umati ule! Kusema sikuota ingekuwa aibu kwa mtu wa sifa zangu.

"Ni Tantine Mado," nikasema. "Alinipa nyama mu sahani ya bleu."

Sahani niliiongeza mwenyewe.

Wakamwita. Alifika mikono ingali na unga wa bukari, ugali wetu. Pasta akamuuliza kama anayajua maneno ya huyu mtoto. Tantine akanitazama, akafungua kinywa ajibu, na damu ikatoka puani mwake.

Ilishuka kwenye midomo, kwenye kidevu, kwenye triko. Na yeye akafanya kile kile alichonifanyia mimi kila siku: akainama mbele, akabana pua, midomo ikawa inacheza kidogo kidogo. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba anahesabu. Wengine waliona damu yangu ikimtoka.

"Anaitapika," mama mmoja akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Mama yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mado, enda. Enda kabla sijakuangalia tena."

Saa sita mchana lori la kwenda kijijini Lukafu kuchukua makaa lilimbeba na kifurushi kimoja. Nilikuwa nimesimama barabarani. Ningeweza kusema. Damu yangu iliendelea miezi mingi baadaye, pasta akasema ni mabaki, na nyumbani jina la Tantine halikutajwa tena.

Leo nina miaka arobaini na nane, natengeneza radieta za magari, na hakuna fundi commune nzima ya Kenya anayeniweza. Lakini mwaka huu nilianza kulala kazini. Sauti ikawa nzito, baridi ikanishika watu wengine wakitoka jasho, na pua ikaanza tena. Daktari, binti mdogo kabisa, akasimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni, akaniambia nimeze mate. Akanipima damu. Majibu yalipotoka akanieleza kwamba pua nyingi zinatoka damu kwa sababu ya vumbi na ukavu tu, lakini mimi tezi yangu ya shingo, thyroïde, imelegea, haifanyi kazi sawasawa, na ikilegea, kwa watu wengine damu inachelewa kuganda.

"Mu famille, papa, hakukuwa mutu wa shingo ya kuvimba?" akaniuliza. "Ugonjwa huu unatembea mu famille."

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama.

Mama ana miaka zaidi ya sabini. Nilimkuta anachambua maharagi. Nikamweleza habari ya tezi, akawa anaitikia tu, mikono inaendelea. Kisha nikasema, "Nyama haikukuwako, mama. Sikuota kitu."

Mikono ikasimama. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Mado iko na miaka ngapi sasa?" akauliza.

Sikujua. Naye hakujua. Hata kama yu hai hatukujua.

Kesho asubuhi tunakwenda Lukafu, mama atakaa mbele karibu na dereva. Sijui kama tutaonyeshwa nyumba au kaburi. Nimejaribu kutayarisha hotuba, na mimi kwa hotuba wananijua harusi zote za mtaa, ila kila ninapoianza inageuka kuwa nzuri, ya kunitetea. Nimeifuta yote. Nimebakiza maneno mawili: Tantine, niliongopa.