Meza za Kuchambulia Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini, Meneja wa shamba la kahawa juu ya Karatu alinipa daftari, akaniagiza niandike kila kitu kinachoweza kuua, kukata au kuunguza. Hiyo ndiyo tathmini ya hatari: unalitafuta jambo baya kabla halijampata mtu. Niliifanya kwa bidii, na kwa majivuno pia. Mkanda wa mashine ya kukoboa ulikuwa wazi, nikaufungia wavu wa chuma. Fundi Mkuu alinung'unika wiki nzima.

Chumba cha kuchambulia kahawa nilikiandikia maneno mawili: hakuna hatari. Kila nilipoingia, wanawake waliacha kazi, wakasimama wima kunisalimu, maana ndiyo adabu kwa mtu wa ofisini. Nami niliitikia, nikapita.

Mwaka wa tatu, Mama Paskalina, mchambuaji hodari kuliko wote, alianza kushindwa kumaliza kikapu chake. Alisema mgongo unamuuma. Meneja alifungua daftari langu, akasoma, kisha akamwachisha kazi kwa kosa la uvivu. Nilikuwa nimesimama palepale. Hadi leo naona aibu.

Kesho yake nilikaa katika chumba kile tangu asubuhi hadi mchana, nikawaomba wasinijali. Ndipo nikaona. Meza zilifika mapajani tu, na wale wanawake walichambua wamejikunja saa zote. Hakukuwa na kitu kibovu pale. Kazi yenyewe ndiyo haikupimwa kwa mwili wa mtu. Siku hizi kulichunguza jambo hilo wanakuita tathmini ya ergonomia. Sisi hatukuwa na jina lake.

Nilimweleza Meneja, na seremala akarefusha miguu ya meza. Nikamsihi pia amrudishe Mama Paskalina.

"Nafasi yake ina mtu," alisema. "Na mgongo wake hatuwezi kuuongezea mbao."

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwake kumpa habari za meza. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.

"Nashukuru kwa ajili ya wenzangu, baba," alisema. "Na mimi je?"

Nilistaafu kwa heshima, nikapewa cheti na blanketi. Vijana wa usalama kazini huniuliza ipi kati ya tathmini hizo mbili ina uzito zaidi. Nawaambia wafanye zote, na wakae chumbani hadi watu wawasahau. Mama Paskalina tulimzika miaka mingi iliyopita, na swali lake sikuwahi kulijibu.