Shaba Niliyoipeleka Harusini

Mpaka leo nikipita Isikizya nafunga kioo na kujifanya naangalia upande wa pili, kwa sababu kuna akina mama wauza karanga pale barabarani ambao wakiniona tu wanajaza mashavu upepo na kufanya "brrrum, pa! pa!" kisha wanacheka hadi wanashikana mabega, nami nilijitakia mwenyewe. Ngoja niwasimulie, lakini mkicheka, chekeni taratibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu mjini, Mtendeni, natengeneza milango, madirisha na mageti (hasa yale yenye maua, hayo nayapenda mno), na kilema changu tangu utotoni ni kuota nikiwa macho. Marehemu mama alikuwa akisema Kalunde ukimtuma chumvi atarudi na habari za mawingu. Huyo mama, kabla hajatutoka, nilimwahidi jambo moja tu, kwamba siku mdogo wangu Nyamizi akiolewa nitamfikisha mimi mwenyewe mpaka mlango wa kanisa, kwa pikapu aliyotuachia, ile ile aliyokuwa akibebea asali kutoka porini. Kwa hiyo alipopatikana mchumba, kijana mkulima wa Isikizya, Mmoraviani kama sisi, na ndugu wakaanza habari za gari la kukodi, nilikataa katakata. Pikapu ya mama au hakuna harusi, nikasema, utadhani naolewa mimi.

Shida ni kwamba pikapu ilikuwa imepasuka menifodi, yaani lile bomba lenye matawi manne linalokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka nyuma kwenye ekzosi, na ya aina ile haipatikani tena hata ulie. Nikasema natengeneza mwenyewe, kwani mimi nani? Nikakata mabomba mazito ya chuma, nikatafuta kona zake, nikapima na kupiga tupa hadi kila tawi likakaa mahali pake, ikabaki kuunganisha tu. Na hapo ndipo nilipojiponza.

Baba yangu ni fundi wa reli mstaafu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alikuja karakana, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaigeuza ile kazi mkononi, akasema, "Choma kwa umeme, mwanangu. Vijiti vigumu, kidogo kidogo, halafu ifukie kwenye majivu ipoe polepole." Basi, akaenda zake. Kulikuwa pia na njia ya kuchomelea kwa gesi ya agoni, ile inayotoa mshono mwembamba safi, lakini jamaa mwenye mashine hiyo mtungi wake ulikuwa mtupu. Na njia ya tatu ilikuwa mitungi yangu ya gesi na vijiti vya shaba ya njano.

Jamani, nyie hamjaiona shaba ikiyeyuka. Unawasha moto wa gesi, unaupunguza hadi unakuwa na ulimi mdogo wa buluu, chuma kinaanza kuwa chekundu, unagusa kijiti, na shaba inatiririka yenyewe, inazunguka bomba kama asali inavyoshuka kwenye sega, haina kelele, haina cheche. Nami nikiitazama nikamkumbuka bibi yangu na bangili zake za shaba, nikayakumbuka masimulizi yake kwamba babu wa babu yake alipita njia hii hii ya misafara na masango ya shaba, yaani waya nene zilizokunjwa, begani, akitoka pwani, miezi na miezi, na nikaona (naapa niliona) wapagazi wanapita mbele ya karakana yangu wakiimba, vumbi limewafika magotini. Nilipozinduka nilikuwa nimeshaunganisha matawi yote manne kwa shaba. Ilikuwa inang'aa hiyo! Nikaifunga kwenye injini, nikaiungurumisha dakika ishirini gari likiwa limesimama uani, haikuvuja moshi hata kidogo.

Asubuhi ya harusi baba akiwa amevaa suti yake ya kijivu alifungua boneti, akachungulia kwa muda, akaniuliza, "Umeijaribu barabarani, ikiwa na mzigo?"

"Nimejaribu, baba," nikasema. Mwongo mkubwa mimi.

Mchungaji wa Isikizya alikuwa amekwishatuonya kwamba ndoa tatu zinafungwa saa nne kamili, akimaliza anakwenda usharika mwingine, na atakayechelewa atasubiri mpaka atakaporudi, na wakati huo ng'ombe wa harusi alikuwa ameshachinjwa. Tukapanga watu. Bibi harusi kebini pamoja nami, nyuma wakapanda baba, mashangazi wanne kwa sare ya kitenge, na Pazi, muuza spea jirani yangu, Mzaramo. Na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani, tangu enzi hizo hizo za misafara, haruhusiwi kununiwa hata aseme nini, na Pazi haki yake hiyo anaitumia yote.

Mwanzo ulikuwa mtamu kiasi kwamba bado nauota. Mvua zilikuwa hazijaanza lakini miti ya porini ilikuwa imechipua yale majani mekundu, mizinga ya nyuki inaning'inia huku na huku, mashangazi nyuma wanaimba, Nyamizi pembeni yangu mweupe pe, ananukia mafuta ya nywele, ananiambia, "Dada, mama angekuwepo." Nikasema yupo, na nilimaanisha, maana nilimhisi kabisa. Injini ilikuwa inavuma kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto, nami nikaelea nayo, nikasahau kwamba nina watu sita nyuma na kilima mbele.

Kwenye kilima sauti ikaanza kubadilika. Ikatoa "fff", kisha "pa!" Nikajidanganya kuwa ni jiwe. Kumbe shaba hulegea mapema kuliko chuma, jambo ambalo nililijua tangu chuoni na nilimfundisha mtu mwingine mwezi huo huo, na pale chini ya boneti mishono yangu ya asali ilikuwa inarudi kuwa asali. Tawi la kwanza likaachia, la pili likalifuata, na ghafla gari likapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye mashine ya kukoboa. Moshi ukaingia kebini kupitia matundu ya pedeli. Nyamizi akakohoa, akatoa kichwa dirishani, na upepo ukalichukua shela lote likaruka nyuma, likadakwa na Pazi, akajifunga kichwani.

"Simama, Kalunde!" shangazi mmoja akapiga kelele.

"Akisimama haliwaki tena!" Pazi akajibu. "Kanyaga, mtani! Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka kwetu pwani kwa miguu, nyie mna injini mnashindwa kufika Isikizya?"

Saa ilikuwa nne kasoro dakika kumi. Nikikanyaga kelele inazidi, nikipunguza gari linataka kuzima, kwa hiyo nikakanyaga, huku machozi yananitoka, sijui ya moshi au ya aibu. Mbuzi walikimbia, watu wakatoka mashambani kuangalia, mwenye baiskeli akajitupa majanini. Nikawa nasema moyoni, mama nisamehe, mama nisamehe, nilikuahidi mlango wa kanisa na sasa mwanao anaonekana ametoka kuchoma mkaa.

Tulipoingia uwanja wa kanisa saa nne ilikuwa imeshapita kwa robo saa nzima. Kwaya ilikuwa imenyamaza, waumini wote wako nje, wengine wamezishika Biblia vifuani, na gari likazima lenyewe mbele ya mlango, hatua tatu tu, likatoa "pa!" ya mwisho. Nyamizi akashuka na pua nyeusi. Nikapiga magoti mbele ya mchungaji pale pale mavumbini, nikaanza kumwomba.

"Inuka, mama," akasema, naye midomo inamcheza. "Nilitaka kufunga kitabu saa nne. Lakini tumeanza kuwasikia mkiwa bado mbali huko kilimani, hata mahubiri yamenishinda. Sasa mtu unayemsikia hivyo utaandikaje kwamba hajafika?"

Basi Nyamizi akaolewa, wa mwisho kati ya watatu, baada ya kufutwa uso kwa kanga ya shangazi na kurudishiwa shela lake. Mimi nililia ibada nzima. Nikadhani yameisha, kumbe kwenye sherehe, wakati wa kutunza, watu wanakuja wakicheza na zawadi zao, masufuria, mablanketi, nikamwona Pazi anakuja kwa madaha na kitu kizito kimefungwa kitenge. Akakifungua mbele ya ukumbi mzima. Menifodi yangu, kumbe aliifungua injini ilipopoa, vipande vitatu! "Zawadi kutoka kwa dada wa bibi harusi," akatangaza, "ni kinanda!" Ukumbi ukapasuka kwa vicheko, nami sikuweza hata kununa, maana ni mtani.

Nikatoka nje. Nikamkuta baba kando ya pikapu, boneti iko wazi. Akanitilia mkononi tone la shaba lililodondoka na kugandia chini ya injini, dogo kama punje ya hindi.

"Baba, asubuhi ulipochungulia uliiona?"

"Niliona njano."

"Sasa mbona ukapanda?"

Akafunga boneti taratibu. "Si uliniambia umejaribu," akasema.

Afadhali angenitukana.

Menifodi iliyopo sasa nimeichoma kwa umeme na kuifukia kwenye majivu, ina makovu kila mahali, ukiitazama huoti chochote. Lile tone nimelitundika kwa waya juu ya mashine yangu. Mteja akiniuliza kama kazi yake nimeijaribu, huwa naliangalia kwanza, na kama bado, naapa mbele yenu, nasema bado.