Shemeji alivyolipaka siagi sanduku la kobe ili "lisivuje"

Wakuu, habari za humu. Nawasalimu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Haya ninayoandika yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, maana yenyewe yana mafuta ya kutosha.

Mimi ni seremala. Kwenye 2012 hivi nilikuwa na kibanda changu cha turubai huku Kabazana. Mwalimu mmoja wa biolojia, Mnyankole anayefundisha Kakoba, Mbarara, akaniagiza sanduku la kufugia kobe wa maji. Nusu udongo, nusu maji, na balbu juu ya kuwapasha joto.

Akaniambia wazi: sanduku likitulia, kazi ya kutengeneza madawati ya shule nzima ni yangu.

Wakuu, shule nzima! Mimi niliyekuwa nashinda nikichonga mipini ya majembe. Usingizi ulipaa kwa furaha.

Sasa mbao ikikaa na maji inavimba, inapinda, mwisho inaoza. Dawa inajulikana. Unapiga msasa, unaziba maungio kwa silikoni, unapaka vanishi, unaacha ikauke, unarudia. Halafu unasubiri harufu iishe kabisa ndipo mnyama aingie.

Nikaunda sanduku, kisha nikaenda Mbarara kutafuta vanishi. Sanduku nikamwachia shemeji, mume wa dada yangu, alilinde tu. Kulinda!

Shemeji ni mfugaji wa Kivu ya Kusini, Kongo. Ng'ombe walibaki huko, ujuaji akavuka nao mpaka.

Narudi, naona moshi bandani. Sanduku limefunikwa juu ya majani yanayofuka, linang'aa njano ndani na nje. Jamaa kalipaka siagi!

"Verni ni ya nini?" akaniuliza bila hata aibu, yaani vanishi. "Kwetu chombo ya maziwa ni ya muti. Tunapaka siagi, tunatia moshi, haivuje hata kidogo. Batu ba duka banakudanganya bure."

Kwa wasiojua: ni kweli, wafugaji wa kwetu hutunza hivyo vyombo vya maziwa. Lakini chombo kile huchongwa kwenye gogo moja, hakina maungio, na hakuna anayekiwashia balbu. Kumweleza shemeji hayo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Nikasugua kwa sabuni, nikapiga msasa mpaka mabega yakaniuma, nikapaka vanishi. Ikakataa kushika, siagi ilishazama ndani ya mbao. Ikajikusanya matone matone, ilipokauka ikabanduka yenyewe.

Siku ya kupeleka ikafika. Tukatia maji, na kweli halikuvuja. Shemeji akacheka mpaka jino la mwisho, akang'ang'ania twende wote.

Pale shuleni wanafunzi wakajaa, mkuu wa shule naye akaja. Kobe wakawekwa, balbu ikawashwa.

Balbu ikapasha siagi.

Kwanza ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Kisha mafuta yakatiririka majini, kobe wakawa wanateleza, wanapanda ukuta, wanarudi chini chali. Halafu sisimizi, sijui waliitwa na nani, wakapanga foleni kutoka dirishani.

Mwalimu aliziba pua. Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni, lakini siku hiyo kilitosha: "Fundi, hii ni nyumba ya kobe ama wewe nakaanga yeye?"

Darasa zima likaangua kicheko. Natamani ardhi ipasuke, shemeji ananyoosha kidole: "Lakini haivuje! Si munaona?"

Kobe wakahamishiwa kwenye beseni la plastiki. Madawati akapewa fundi mwingine wa hapohapo Kakoba. Iliniuma, wakuu, sitaficha. Nililia ndani ya gari mpaka Kabingo, njiani kurudi kambini, na shemeji pembeni anakoroma.

Nilipofika nikatangaza mbele ya familia kwamba shemeji asikanyage tena bandani kwangu. Mama yangu akaweka chini mchele aliokuwa anachagua, akanitazama.

"Ng'ombe shemeji yako alitoa mahari, ulikulaka we mwenyewe. Leo siagi njo inakushinda?"

Nikainama, nikamsaidia kuchagua mchele.

Funzo: mila ya maziwa iachwe kwenye maziwa. Na ukishakula mahari ya mtu, kumfukuza sahau. Shemeji bado yupo bandani, wiki hii ananifundisha kuezeka.

Chekeni mkitosheka, kisha mniambie: wenye mashemeji wa hivi mnaishije nao?