Silabi Tatu Nilizoziongeza

Mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akilinda lango la hoteli mtaani kwetu, Mji Mkongwe, aliniletea mashairi yake mawili ya vita alivyopigana ujanani. Alijua nafundisha fasihi sekondari.

"Nitazamie, mwalimu," alisema. "Mkono wangu mimi wa bunduki."

La kwanza alilitunga kambini, kabla ya kuondoka. Vita humo ni harusi: ngoma, sare mpya, vigelegele. La pili alilitunga aliporudi. Humo hamna ngoma wala adui. Mna jozi ya viatu vya mwenzake, vimeachwa nje ya hema, vinajaa mvua.

Kwa asiyeuzoea ushairi wetu, nieleze kidogo. Mshororo hugawika vipande viwili, na kila kipande huwa na silabi nane. Shairi la kwanza lilitimia lote. Katika la pili, kila ubeti ulipomalizikia, kipande cha mwisho kilikuwa na silabi tano tu. Nilihesabu kwa vidole, nikatoa kalamu nyekundu. Sikumuuliza. Nilifuta maneno hapa na pale, nikaipanga upya mishororo ile na kuijaza silabi tatu tatu. Alinishukuru sana, akaenda kunakili upya, akaniletea nakala moja.

Miaka ikapita. Mwaka huu niliwapa wanafunzi wangu mashairi yale wayalinganishe, waone mtu mmoja alivyovichora vita kabla ya kuvijua na baada ya kuvijua. Binti mmoja aliyasoma yote kwa sauti, akakunja uso.

"Mwalimu, la pili maneno yake yanalia, lakini mwendo wake ni ule ule wa ngoma."

Nilimsifu, kwani alistahili. Mimi sikulala vizuri.

Jumamosi nilikwenda Uroa, alikorudi kuishi yule mzee. Nilimkuta barazani anamenya muhogo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kalamu nyekundu umekuja nayo?"

Nikamuuliza kwa nini mishororo ile ilikuwa mifupi. Hakuacha kumenya.

"Pale nlikuwa nnanyamaza. Jina la mwenzangu silabi tatu. Nkifika pale nnamtaja moyoni, ndo nnaendelea."

"Mbona hukunambia?"

"We ndo mwalimu. Nkasema labda ushairi hauruhusu."

Nikamwomba karatasi ya mwanzo.

"Nshaiwashia jiko zamani. Si uliniambia ina makosa?"

Tulikaa mpaka adhuhuri tukijaribu kuyarudisha maneno yake. Mimi nilikumbuka nilipojaza, sikukumbuka nilichofuta. Yeye alilijua shairi lote kwa moyo, lakini lile langu.

"Kila nkitaka kunyamaza," alisema, "maneno yako yashafika."

Akaanza tena tangu ubeti wa kwanza, taratibu, macho ameyafumba. Alipokaribia mwisho wa ubeti nilizuia pumzi, nikimwombea asimame. Hakusimama.