Kijiko cha Fundi wa Tanuri

Fundi wa tanuri la shinikizo huchechemea hadi benchi, na kuikalia spana ya mfuniko, ili wenye haraka wasifungue kabla halijapoa. Mara mbili walimpokonya, na mara mbili matufe ya kauri ya kuwekwa nyongani mwa wagonjwa yakatoka na nyufa.

"Mama, bado tu?" mhandisi aliuliza leo, roho juu.

"Bado, mwanangu. Keti."

Mfuniko ulipopoa kiasi cha kuguswa kwa shavu, aliinuka, akafungua. Akaligonga tufe la kwanza kwa kijiko cha chai, karibu na sikio, asikie kama lina ufa. Tiii! Yote kumi na mawili yakalia hivyo hivyo, safi. Mhandisi akaruka kama mtoto. Fundi akaigonga nyonga yake mwenyewe, akacheka mpaka machozi.

"Haya, mpigie daktari wangu. Mwambie sasa nakubali kupasuliwa nyonga, na tufe nalichagua mimi!"