Kosa la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mpiga chapa wa idara ya fizikia alikuwa na vidole vifupi vilivyokakamaa kwenye viungo, na kila alipomaliza mstari wa hesabu aliusoma tena kwa sauti ya chini, midomo ikichezacheza. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akichapa milinganyo ya Profesa, ile inayoeleza jinsi joto linavyosafiri ndani ya gesi yenye moto mkali iliyofungwa kwa nguvu ya sumaku, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaielewa. Siku moja aliukuta ukurasa wa kumi na tisa una kasoro, akaubeba mpaka ofisini kwa Profesa. "Profesa, alama ya kutoa ya mstari wa juu haikushuka huku chini. Hapa joto linatoka kwenye baridi kwenda kwenye moto." Profesa hakuinua uso. "Mama, wewe chapa kama ilivyo. Hesabu tuachie wenyewe." Akachapa kama ilivyo.

Baada ya miezi minne jarida la sayansi alilolipelekea Profesa likairudisha makala kwa sababu ya alama hiyohiyo. Profesa akaja mezani kwake na wahadhiri wawili nyuma, akaanza kumsomea barua ya kujibu ili aichape: "Tunaomba radhi. Kosa lilikuwa la mpiga chapa." Vidole vya mpiga chapa vikasimama. Wahadhiri wakageukia dirishani. "Mbona huandiki, mama?" "Naandika, Profesa," alisema. Akaimaliza barua bila kosa hata moja, akampa Profesa kalamu asaini.